Jinsi Nilivyomng'oa Katibu wa Tawi

Kabla sijafika miaka arobaini na minne sikuwahi kumchukia mtu kwa dhati. Kukasirika nilikasirika, ndiyo. Mume wangu alipooa mke wa pili bila kunifahamisha nilivunja vikombe sita, na mvua za masika zilipoanza tulikuwa tayari tunasalimiana. Lakini chuki yenyewe, ile unayoamka nayo asubuhi na kwenda nayo kazini, niliijua kwa sababu ya mtu mmoja tu: katibu wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi hapa Kisumu. Nilikaa nayo miaka mitatu. Ninaandika haya nikiwa nimekalia kiti kilichokuwa chake, na msomaji asidhani nimekuja kutubu. Liko jambo moja ninalolijutia na nitalifikia. Mengine yote ningeyafanya tena, na ningeyafanya mapema zaidi.

Nilikuwa mpishi katika shule moja ya ufundi upande wa Mamboleo. Vijana walisomea useremala, uashi na ushonaji, na ikigonga saa moja asubuhi walitaka uji wao. Tulikuwa wapishi watatu. Mkubwa wetu alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Awasi, mtu wa maneno machache, aliyenifundisha kusonga ugali wa watu mia mbili bila kujivunja kiuno. Yeye alikuwa amepika pale miaka ishirini na sita, mimi kumi na tisa. Na miaka hiyo yote tulikuwa vibarua. Kila baada ya miezi mitatu tuliitwa ofisini kutia sahihi karatasi mpya, kana kwamba tumefika jana.

Chama chetu kilibeba watu wa namna mbili. Walikuwapo wa ofisini, yaani makarani, madereva na wakusanya ushuru wa sokoni, na tulikuwapo sisi wa shule: wapishi, walinzi, wafagiaji na wasaidizi wa chekechea. Mwajiri alikuwa mmoja, na meza ya mazungumzo ya mishahara ilikuwa moja. Lakini waliokaa mezani walikuwa wa ofisini, wakiongozwa na katibu.

Katibu mwenyewe alikuwa amewahi kuwa karani wa ushuru. Mtu mrefu, mtaratibu, mwenye sauti ya kusomea Biblia kanisani. Alipotembelea shule yetu alipitia jikoni kabla ya kwenda kwa mkuu wa shule. "Nyar Nyakach," aliniita, binti wa Nyakach, kwa kuwa huko ndiko nilikozaliwa, "leo mmenifichia nini?" Nami nilimwekea ugali na kichwa cha ngege, yule samaki wa ziwani, maana alipenda kichwa kuliko mkia. Ni yeye aliyenishawishi niwe mwakilishi wa wafanyakazi pale shuleni. Alisema nina mdomo. Nilijivuna sana.

Kisha nikaungua. Tulikuwa tunateremsha sufuria kubwa ya uji, mimi upande huu na mwenzangu upande ule, sikio la sufuria likakatika. Lilikuwa limelegea muda mrefu, na tulikuwa tumesema, na tulikuwa tumeandika. Uji ulinimwagikia mkono wa kulia kuanzia begani hadi kwenye vidole. Mwenzangu wa Awasi ndiye aliyeniburuta hadi kwenye pipa la maji na kunizamisha mkono, akinishika kwa nguvu nilipotaka kuutoa. Daktari alisema baadaye kwamba bila yeye vidole vingeshikana.

Nililazwa wiki tano. Shule iliandika kwamba mpishi hakuwa mwangalifu. Katibu alikuja kuniona akiwa na mkate na pakiti mbili za maziwa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaangalia bandeji zangu, machozi yakamtoka. Niliyaona kwa macho yangu.

"Nyar Nyakach," akasema, "hii itakuwa kesi yetu. Mwaka huu hatutoki kwenye ile chumba bila posho ya hatari ya wapishi. Na ajira ya kudumu. Naapa."

Nilimwamini. Mtu aliyelia mbele yako utaachaje kumwamini?

Miezi minne baadaye mazungumzo yalifunguliwa. Katibu aliniita siku mbili kabla, akaniambia nami nitakaa mezani, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa mpishi. "Vaa blauzi ya mikono mifupi," akasema. Sikuelewa. Nilikwenda nikanunua blauzi ya kitenge pale soko la Kibuye, nikasuka nywele.

Upande wa waajiri walikuwa watano. Nawakumbuka wawili: mkuu wa idara ya wafanyakazi, bwana mwenye miwani ya kamba, na mama mmoja wa fedha aliyekuwa akila sambusa kwa uma. Katibu alizungumza vizuri. Alianza na bei ya unga, akaja kwenye karo, akaja kwenye kodi ya nyumba za Manyatta na Nyalenda. Kisha akanigeukia.

"Simama, Mama," akasema. "Waonyeshe."

Nikasimama. Sikujua nionyeshe nini mpaka yeye mwenyewe aliponishika kiwiko na kuuinua mkono wangu, akaugeuza taratibu mbele ya macho yao, huku akieleza pale ngozi ilipokunjamana, pale ilipobaki nyeupe, pale vidole visipokunjika. Yule mama wa fedha alisukuma sahani yake pembeni. Bwana wa miwani aliangalia simu. Nilikuwa nimesimama nimeinuliwa mkono kama mbuzi anayepimwa siku ya soko, nikijiambia, vumilia, ni kwa ajili ya wapishi wote. Nilivumilia. Dakika tano, au kumi, sijui.

Baada ya chai tuliambiwa tusubiri nje, wabaki wakuu peke yao. Nilikaa kwenye benchi ya kule ukumbini toka saa nne na nusu hadi saa tisa. Mlango ulipofunguliwa, makarani wawili walitoka wakicheka, nyuma yao katibu, akifuta uso kwa leso. Walikuwa wamepata. Wa ofisini wote walipandishwa daraja, na posho ya nyumba ikaongezwa.

"Na wapishi?" nikauliza.

"Suala lenu litaangaliwa kwa awamu ijayo. Wameahidi."

"Na ajira ya kudumu?"

"Awamu ijayo, nyar Nyakach. Hii mambo inaenda pole pole."

"Na mkono wangu je, Bwana Katibu?"

Alitabasamu. Hakuwa na ubaya usoni, na ndicho kilichoniua. Alinipigapiga begani, bega la upande ule ule, akasema, "Mkono wako umefanya kazi yake."

Wenzake wakacheka tena, wakateremka ngazi.

Nilielewa pale pale. Alikuwa amenipeleka mle ndani ili wale watu waone aibu, na aibu ilipowaingia akaiuza kwa ajili ya makarani. Makarani walikuwa wengi, walilipa ada za chama kwa wakati, na ndio waliompigia kura. Wapishi walikuwa hawampi chochote ila vichwa vya samaki.

Nilishuka hadi steji kwa miguu. Nilipofika jikoni kesho yake nikiwa nimevaa sweta ya mikono mirefu katika lile joto, mwenzangu wa Awasi alinitazama akaendelea kuchambua maharagwe. Nilimsimulia yote.

"Mwache," akasema. "Mungu ataona."

"Mungu ana watu wengi wa kuangalia," nikamjibu. "Huyu ni wangu."

Nilianza na katiba ya chama. Ni kitabu kidogo cha jalada la bluu ambacho kila mwanachama anastahili kupewa, na katika miaka kumi na tisa sikuwahi kukiona. Nilikipata kwa mlinzi mmoja aliyekuwa akikitumia kuegemeza mguu wa meza. Nilikisoma jikoni nikisubiri maharagwe yaive, kifungu kwa kifungu, na kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha mawakili, nilimpelekea mwalimu wa ushonaji anifafanulie. Kwenye ukurasa wa kumi na moja niliona kitu.

Kila mahali pa kazi penye wanachama kumi waliokatwa ada palikuwa na haki ya kupeleka mjumbe kwenye uchaguzi wa tawi. Kila mahali pa kazi. Chekechea zetu, ambazo nyingine zina wafanyakazi wanne tu, ziliruhusiwa kuungana na kujisajili kama kituo kimoja, mradi fomu zifike kwa afisa wa leba, yule wa serikali anayesimamia mambo ya wafanyakazi, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Katibu hakuwahi kuwaambia watu wa shule. Walikatwa ada kila mwezi, kisha wakahesabiwa chini ya ofisi kuu, ambako waliwakilishwa na makarani.

Uchaguzi ulikuwa umebakiza miaka mitatu kasoro. Nikanunua daftari.

Kila Jumamosi nilitoka. Nilikwenda Awasi, Ahero, Kombewa, Maseno, Katito, mahali popote palipokuwa na sufuria ya umma na mwanamke wa kuikoroga. Nilikwenda kwenye matanga hata ya watu nisiowajua, kwa sababu kwenye matanga wapishi hukutana, nami nilifunga leso nikapika pamoja nao, na tukiwa tunamenya viazi niliwaambia kuhusu ukurasa wa kumi na moja. Sikuwaonyesha mkono. Niliapa hakuna mtu atakayeuona tena kwa sababu ya chama.

Awasi niliwakuta wasaidizi wawili wa chekechea wakiosha vikombe vya uji. Mmoja wao, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, alinikata kabla sijamaliza.

"Mama, hiyo chama si ni ya wanaume wa ofisi?"

"Wewe unakatwa pesa yake kila mwezi?"

"Nakatwa."

"Basi unalisha mwanamume asiye wako."

Alicheka hadi akaketi. Halafu akaacha kucheka, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Leta hiyo karatasi." Akatia sahihi, akamwita mwenzake, akamwita mlinzi wa lango. Hivyo ndivyo ilivyokwenda, mahali baada ya mahali.

Na muda wote huo nilimlisha. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa raha zaidi, kama ni dhambi basi ni dhambi yenye utamu. Katibu aliendelea kupitia jikoni kwetu, nami niliendelea kumwekea kichwa cha ngege. Mwanzoni alikuja kwa wasiwasi, akichungulia uso wangu. Nilicheka naye. Nilimwambia niliumia kidogo lakini mambo ya chama nayaelewa, pole pole ndio mwendo. Akatulia. Akaanza kuniambia siri zake: nani anamwonea wivu, nani anataka kugombea, mjumbe gani ananunulika kwa soda. Nilimwongezea mchuzi. Mwenzangu wa Awasi alikuwa akisimama kule kwenye kuni akinitazama, na siku moja, katibu alipokwisha kuondoka, aliniambia kwa Kijaluo kwamba ananiogopa.

"Mimi pia," nikasema. Nilikuwa nasema kweli.

Uchaguzi ulifanyika katika ukumbi mmoja mjini, Jumamosi asubuhi. Katibu alifika na suti ya kijivu na fulana za njano zenye picha yake, akizigawa mlangoni. Wanawake walizichukua. Mmoja baada ya mwingine waliingia, wapishi na wasaidizi na wafagiaji, wakazikunja, wakaziweka kwenye mikoba, wakaketi mbele. Nilimwona akihesabu viti kwa macho. Alipofika safu ya nne alimwendea afisa wa leba.

"Hawa ni kina nani?"

"Wajumbe."

"Wajumbe wa wapi?"

Afisa, kijana mpole aliyekuwa amechoka na fomu zangu kwa mwaka mzima, alifungua faili na kumsomea. Kituo cha chekechea za Awasi, mjumbe mmoja. Kituo cha chekechea za Kombewa, mmoja. Alisoma vituo ishirini na vitatu. Katibu alisimama akisikiliza, na nilimwona shingo yake ikilowa jasho juu ya ile kola nyeupe.

Lakini alikuwa mtu wa vita. Alisimama akapendekeza kura ipigwe kwa mlolongo, watu wapange foleni nyuma ya mgombea wao, peupe. Alijua wanawake wale ni vibarua. Alijua watamwogopa wakilazimika kusimama wanaonekana. Makarani wake wakapiga makofi, wetu hawakupinga, na pendekezo likapita.

Tukatolewa nje kwenye uwanja. Yeye akasimama chini ya mlingoti wa bendera, mimi, mgombea wa watu wa shule, karibu na bomba la maji. Foleni yake ilianza kujaa upesi, makarani na madereva. Yangu ilikuwa na watu watano. Kisha yule mama mnene wa Awasi akatoka ukumbini, akasimama katikati ya uwanja, akaitoa ile fulana ya njano kwenye mkoba, akajifungia kichwani kama kilemba, akaja akasimama nyuma yangu. Wengine wakamfuata wote wakicheka. Ilikuwa foleni yenye vilemba vya njano vyenye uso wa katibu. Ilipita bomba, ikapita ukuta wa choo, ikapinda.

Afisa wa leba alihesabu mara mbili. Nilimshinda kwa watu tisa.

Alinijia mkono ukiwa umenyooshwa. Watu walikuwa wanatazama. "Hongera, nyar Nyakach," akasema. Niliuangalia ule mkono wake laini, sikuushika. Nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "Funguo za ofisi, Bwana Katibu."

"Nitakupa Jumatatu. Nina vitu vyangu."

"Sasa hivi."

"Wacha hata watu waondoke basi."

"Watu ndio wanazitaka."

Tulikwenda ofisini kwa msafara, yeye mbele, mimi nyuma yake, wanawake wakiimba. Nilimsimamia akifungua. Nilimpokonya muhuri kwa mkono wangu. Vitu vyake, koti la mvua, kikombe, kalenda, picha ya binti yake akihitimu chuo, niliviingiza katika gunia la mahindi na kuliweka nje kwenye korido. Alisema, "Hiyo picha ina kioo, tafadhali." Nikaiweka juu. Huo ndio upole pekee niliomfanyia. Alibeba gunia mwenyewe ngazi zote, na makarani waliocheka siku ile ya benchi hawakuwapo wa kumsaidia. Nilimtazama dirishani hadi alipopotea, na nilijisikia mtu kamili kwa mara ya kwanza tangu uji uliponimwagikia.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Wiki ya pili, nikipanga droo, nilikuta faili la kijani lililoandikwa "Shule". Ndani yake mlikuwa na rasimu ya mkataba. Kurasa saba kuhusu watu wa shule peke yao. Ajira ya kudumu kwa waliozidi miaka kumi, posho ya hatari kwa wapishi, aproni na viatu vya mpira, sufuria zikaguliwe kila muhula. Pembeni kulikuwa na mwandiko wa katibu, na mwandiko wa bwana wa miwani akijibu: imekubaliwa, imekubaliwa, hii tujadili, imekubaliwa. Walikuwa wameandikiana hivyo mwaka mmoja na nusu. Mwishoni kulikuwa na orodha ya watakaoingizwa kwanza. Jina la mwenzangu wa Awasi lilikuwa la pili. Langu lilikuwa la tano. Kilichobaki ni sahihi.

Kwa nini hakuniambia? Sijui mpaka leo. Labda alitaka kuitangaza siku ya uchaguzi na waajiri wakamchelewesha. Labda ile aibu ya benchi ilimgusa naye. Niliisoma mara tatu, na kila mara nilizidi kukasirika, kwa sababu ilikuwa nzuri. Nikiitia sahihi, kila mpishi kutoka hapa hadi Maseno angesema katibu wa zamani ametukumbuka. Angerudi kama shujaa. Angekuja jikoni kuomba kichwa cha samaki.

Nikaifunga. Nikaipeleka nyumbani, nikaiweka chini ya godoro, nikawaandikia waajiri kwamba uongozi mpya unataka mazungumzo yaanze upya.

Bwana wa miwani alinipokea kwa bashasha. "Hakuna faili ya zamani mnayotaka kuendelea nayo, Mama?"

"Hakuna."

"Vizuri sana," akasema. "Tuanze upya." Alitabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kwake kuanza upya kulikuwa mwaka mzima wa kutolipa.

Ilichukua miezi kumi na minne. Kamati iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Tuligoma siku tisa, vijana wa useremala wakajipikia wali mbichi, wazazi wakapiga kelele redioni. Mwishowe tulitia sahihi. Nilipata yote yaliyokuwa katika lile faili, na bima ya ajali juu yake. Picha yangu ilibandikwa ofisini. Wanawake walinivisha leso tatu, moja juu ya nyingine.

Lakini mwezi wa tano wa hiyo kumi na minne, mwenzangu wa Awasi alifikisha miaka sitini. Kibarua akifika sitini hapewi karatasi mpya, basi. Hakuna kiinua mgongo wala barua. Mkuu wa shule alimpa chupa ya chai na mkono. Tulimfanyia sherehe jikoni, mimi nikatoa hotuba. Nilizungumza kuhusu lile pipa la maji. Watu walilia. Alinishukuru kwa maneno mazuri. Na faili lilikuwa chini ya godoro langu, na jina lake la pili.

Mwaka huu nilikwenda Port Victoria kumzika shangazi wa mume wangu. Nikiwa sokoni kununua omena, wale dagaa wa ziwani, nilimwona katibu. Anauza barafu kwa wafanyabiashara wa samaki, ana gari dogo, amenenepa. Aliniona akaacha koleo lake, akaja.

"Nyar Nyakach! Habari ya chama?"

"Chama kizuri."

"Nilisikia mlipata mkataba. Nilifurahi, wallahi." Akajifuta mikono. "Kuna faili ya kijani niliwacha kwa droo. Uliiona?"

"Faili gani?"

Alinitazama. Alikuwa anajua, na alijua kuwa ninajua kwamba anajua. Nilingoja aseme. Kama angesema, kama angenitukana hata neno moja, ningemrudishia lile neno lake la siku ya benchi, "Mkono wako umefanya kazi yake," lilivyo. Lakini alisema tu, "Basi haina neno," akarudi kwenye barafu yake. Yeye simhurumii. Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilimchekea moyoni hadi Bumala.

Halafu kicheko kikaisha, nikabaki na yule mwingine, mwenzangu wa Awasi.

Jumamosi iliyofuata nilichukua faili nikaenda Awasi. Nilimkuta mwenzangu uani, amekaa kwenye mkeka, akibangua karanga. Anauza karanga sasa, na miguu imemvimba. Alifurahi kuniona. Nilikataa chai. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikiketi nitadanganya. Nilimweleza kila kitu, tangu droo hadi godoro.

Hakuacha kubangua. Nilipomaliza aliuliza, "Jina langu liliandikwa?"

"Liliandikwa."

"La ngapi?"

"La pili."

"Nionyeshe."

Nikampa ule ukurasa. Hajui kusoma sana, lakini jina lake analijua. Aliweka kidole juu yake akakaa hivyo. Kuku walikuwa wanakula karanga kwenye ungo, hakuwafukuza.

"Nilikuambia umwache," akasema.

"Uliniambia."

"Mimi nilikushika mkono ndani ya maji ukilia."

Nilimwambia nitapeleka madai yake kwa waajiri, kwamba nimeanza kuandika barua, kwamba wakili wa chama anaona kuna njia. Ni kweli, barua nimeziandika, nne mpaka sasa, na bwana wa miwani amejibu moja akisema suala litaangaliwa. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichonunua. Akaukunja ule ukurasa mara nne, akauingiza kwenye mfuko wa plastiki anamoweka kitambulisho, akaufunga.

Kwetu mgeni husindikizwa. Hata mgeni mbaya husindikizwa hadi kwenye ua, na mtu wa karibu hupelekwa hadi barabarani na kungojewa mpaka apate gari. Katika miaka yote niliyomtembelea, mwenzangu alinifikisha barabarani, mvua au jua, akinibebea mfuko. Siku ile nilisema, "Basi mimi naenda." Akasema, "Haya." Akavuta ungo karibu, akaendelea kubangua.

Nilikwenda peke yangu hadi barabara ya Kericho, nikasimama hapo nikingoja gari.